Nilifuta Seva ya Maziwa

Seva yangu ya kwanza sikuipa jina. Paneli ilijichagulia: ubuntu-s-1vcpu-1gb-fra1-01. Ukilisoma polepole linakueleza ukoo wote. Mfumo ni Ubuntu, prosesa ni moja, kumbukumbu ni gigabaiti 1, inaishi Frankfurt, na ni ya kwanza. Ya pili niliifungua miezi michache baadaye ili niwe na mahali pa kujaribia vitu bila kuogopa. Hiyo nayo sikuipa jina. Ikaitwa vivyo hivyo hadi mwisho, ila mwishoni ikawa 02.

Kwa 01 kulikuwa na hesabu ya maziwa ya wanawake kumi na wanne. Kwa 02 hakukuwa na kitu cha maana. Januari 2024 nilitaka kuifuta 02, nikafuta 01.

Acha nianze na maziwa, kwa sababu seva ilikuja kwa ajili yake.

Kama umewahi kufika stendi ya Isiolo asubuhi, umeona jerikeni za manjano zikipangwa kando ya basi. Ni maziwa ya ngamia. Yanatoka malishoni usiku au alfajiri, kwa pikipiki na malori, yanakutana na wanawake mjini, wanayaonja, wanayapima, kisha yanashuka Nairobi, karibu kilomita 280, mpaka Eastleigh. Hii ni biashara ya akina mama tangu zamani, na wapo walioijenga ikawa kubwa, kama ushirika wa Anolei. Kikundi cha shangazi yangu si kikubwa hivyo. Ni majirani na mashemeji wa Bulla Pesa, na mmoja wao hukaa Eastleigh kupokea mzigo.

Shida ya maziwa ni kwamba hesabu haifungwi Isiolo. Umetuma lita kumi na tano, lakini kule zinaweza kufika kumi na tatu nzuri na mbili zimechacha. Hizo mbili zitauzwa kama susa kwa bei nyingine. Pesa inarudi jioni kwa M-Pesa, kwa simu ya mtu mmoja, naye agawe. Sasa mbili zilizochacha zilikuwa za nani? Kabla sijaingilia kati, jibu lilikuwa kwenye daftari la shangazi, na daftari la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja. Kila mwisho wa wiki kulikuwa na mtu amenuna.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa naandikia watu makala za mtandaoni kwa malipo ya kila neno, na usiku nilijifunza seva kwa kuziharibu. Mtaani nilikuwa "yule wa kompyuta". Shangazi akaniuliza kama naweza kutengeneza kitu ambacho kila mtu anakiona kwa simu yake, ili asiwe yeye peke yake anayejua. Nikasema naweza.

Nikisema ukweli, jedwali la kawaida la bure lingetosha. Lakini jedwali la bure halikunifanya nijisikie mtu. Nilitaka seva.

Kwa ambaye hajawahi kufungua moja: mahali fulani Frankfurt kuna mashine moja kubwa. Programu inaigawa vipande, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili, kina mfumo wake, diski yake, anwani yake. Ni kama ploti ya nyumba za kupanga. Geti ni moja, tangi la maji ni moja, lakini kila mlango una ufunguo wake na hujui jirani anapika nini. Paneli ndiyo ofisi ya kea. Unaingia kwa kivinjari, unachagua ukubwa wa chumba, unachagua mji, unabonyeza, na kabla chai haijapoa una kompyuta Ujerumani. Kwa orodha ya miji hakukuwa na Nairobi. Kulikuwa na New York, London, Singapore, Bangalore. Nilichagua Frankfurt kwa sababu nilihesabu kwamba waya ukitoka Mombasa kupitia Bahari ya Shamu, Ulaya iko karibu kuliko Marekani. Kwa hiyo maziwa yalikuwa yakienda kilomita 280, na hesabu yake ikienda Ulaya na kurudi kwa chini ya sekunde moja.

Nilipenda sana hiyo paneli. Ilikuwa na grafu za kijani na bluu zikionyesha prosesa inavyopumua. Saa kumi na mbili asubuhi grafu inapanda kidogo, na mimi nikiwa kitandani najua kuwa mama fulani Bulla Pesa ameingiza lita zake. Niliweka ufunguo wa siri badala ya paswadi, nikafunga milango yote isipokuwa mitatu, kwa sababu seva haimalizi saa moja duniani kabla roboti za watu wasiojulikana hazijaanza kugonga zikijaribu kuingia. Nilikuwa nafungua logi na kuwaonyesha rafiki zangu: ona, huyu anajaribu tangu jana. Nilijiona mlinzi wa kitu.

Na seva haikulala. Mwaka 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba. Ile ya Agosti hata uwanja wa ndege wa Nairobi ulikaa gizani. Sisi Isiolo tukawasha tochi za simu na kuendelea na maisha. Asubuhi yake akina mama wakakuta hesabu iko palepale. Shangazi akawaambia wenzake, na mimi nikisikia, "Hiyo ya huyu kijana haipotei." Sikumrekebisha. Nilitakiwa kumwambia hapo hapo kwamba ninaweza kuipoteza mimi.

Kilichofuata kilianzia kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 124. Januari 2024 ilipita 160. Seva moja ni dola 6 kwa mwezi, kwa hiyo kitu nilichozoea kulipia shilingi 744 kilikuwa sasa 960, mara mbili kwa sababu nilikuwa na mbili, halafu ongeza kodi ya asilimia 16. Nililipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, na mwezi huo kadi ilikataa mara ya kwanza kwa sababu pesa haikutosha. Barua pepe ikaja, ya heshima kabisa, kwamba malipo yameshindikana.

Nilikuwa nimeshazima 02 wiki mbili kabla, nikiamini seva iliyozimwa hailipiwi. Haiko hivyo. Ukizima taa, ufunge mlango na kwenda ushago mwezi mzima, landilodi bado anataka kodi, kwa sababu chumba bado ni chako na hawezi kumpa mwingine. Seva nayo ni hivyo. Diski imeshikwa, anwani imeshikwa, bili inatembea. Ili isitembee lazima urudishe ufunguo. Na paneli hailiiti tendo hilo kufuta wala kuondoa. Neno walilochagua kwa Kiingereza ni zito zaidi. Kwa Kiswahili ningesema: angamiza. Kitufe chenyewe ni chekundu.

Siku hiyo nilikuwa nje ya duka la simu, jua la saa nane, nikitumia simu kwa sababu laptopu ilikuwa haina chaji. Kwa kioo kidogo jina refu halikutosha. Paneli ilikuwa inalikata na kuweka nukta tatu. Kwa hiyo nilikuwa na seva mbili zilizoandikwa kitu kilekile, moja juu, moja chini. Moja ilikuwa imezimwa, ndiyo, na kulikuwa na alama ndogo ya kuonyesha hivyo. Sikuitazama. Nilikumbuka kwamba ya majaribio ni ya juu, kwa sababu kwenye laptopu ilikuwa juu. Kwenye simu zilipangwa kinyume.

Nisilaumu kioo lakini. Kabla ya kuangamiza, paneli iliniuliza kama nina uhakika. Ikaniambia kwamba jambo hili halina kurudi nyuma. Ikaniomba niandike jina la seva kuthibitisha, na hapo jina lilikuwa limeandikwa lote, mpaka 01. Nikalikopi, nikalipaste, bila kosa hata la herufi moja. Nimewahi kusikia watu wakisema hizi mashine zingetuuliza kwanza. Mimi niliulizwa mara mbili.

Nilijua baada ya dakika kama ishirini. Grafu ya seva iliyobaki ilikuwa imelala sakafuni, mstari mnyoofu, na seva ya maziwa huwa haina mstari mnyoofu. Nikafungua anwani ya hesabu. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Kuna baridi inakushika tumboni hata kama uko Isiolo saa nane mchana.

Niliwaandikia kampuni. Walijibu haraka, kwa upole, wakisema walichoniambia kabla sijabonyeza: chumba kikirudishwa kinasafishwa na mwingine anaweza kuingia. Kulikuwa na huduma ya bakapu ya kila wiki, lakini hiyo hulipiwa asilimia 20 ya bei ya seva. Yaani shilingi mia mbili hivi kwa mwezi. Siku nilipofungua seva niliiona hiyo alama ya kuweka tiki, nikaipita. Nilijiambia nitaiweka nikipata kazi nzuri.

Nilichokuwa nacho ni snapshoti moja, picha ya diski yote, niliyopiga kwa mkono siku niliyotaka kubadilisha toleo la mfumo. Ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Nikafungua seva mpya kutoka kwa hiyo picha, na kila kitu kikarudi: majina, bei, rangi ya kichwa cha ukurasa. Kikaishia siku kumi na moja zilizopita, kama saa iliyokwama.

Siku kumi na moja za watu kumi na wanne. Na haikuwa msimu mbaya. Baada ya ule ukame mrefu wa misimu mitano mfululizo, mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuwa zimerudisha malisho, na maziwa yalikuwa yakija.

Nilienda kwa shangazi jioni. Alikuwa anafukiza mtungi, moshi umejaa jikoni. Nilijaribu kuanza na maelezo ya seva mbili na majina yanayofanana. Akanikatiza.

"Imepotea?"

"Siku kumi na moja, shangazi. Zile za nyuma ziko."

"Nani aliichukua?"

"Hakuna aliyeichukua. Ni mimi."

Akageuza mtungi, akautazama ndani, kisha akasema, "Basi usiseme ni mtandao. Kesho ukiwaambia, usiseme ni mtandao." Nilikuwa nimeshapanga kusema ni mtandao.

Kesho yake niliwaambia. Kuna walionyamaza, kuna aliyecheka, kuna aliyeuliza kama sasa watu wa Ujerumani wanajua pesa zake. Halafu tukaanza kazi ya kuzirudisha siku moja moja, na hiyo kazi ilichukua wiki nzima. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari la Counter Book, mimi niliyewaambia madaftari yamepitwa na wakati.

Nilishangaa ni vitu vingapi vilikuwa vimeandikwa nje ya seva yangu. Meseji za M-Pesa zina saa na dakika. Karatasi za mzigo za basi zina idadi ya jerikeni. Yule wa Eastleigh hutuma sauti kwa WhatsApp kila jioni akiwapigia kelele waliochelewa, na ndani ya hizo kelele, Kiborana, Kisomali na Kiswahili vimechanganyika, kuna lita. Mama mmoja alikuwa na mistari ya makaa ukutani nyuma ya mlango. Nikamwuliza kwa nini anaandika ukutani na simu anayo. Akaniambia, "Hiyo ya simu ni yenu. Hii ni yangu."

Siku tisa zilikubaliana kabisa. Ya kumi ilikuwa na upungufu wa lita moja na hakuna aliyejali. Ya kumi na moja ndiyo ilileta maneno. Mama mmoja alisema alipeleka lita kumi na nane. Karatasi ya basi ilikuwa na jerikeni sahihi lakini haikusema ipi ya nani. Ukijumlisha wengine wote na ulichokuta Eastleigh, yeye alibaki na kumi na mbili. Lita sita katikati, kwa bei ya wakati ule, ni pesa ambayo mimi ningeweza kuitoa mfukoni, kwa shida.

Nikamwambia shangazi nitalipa. Kimyakimya, yaishe.

"Ukilipa," akasema, "utakuwa umemwambia kwamba unajua anadanganya na umemsamehe. Au utakuwa umewaambia wengine kwamba mwenye sauti kubwa analipwa. Wewe unataka ipi?"

Sikutaka yoyote. Nilitaka ile seva irudi dakika mbili tu, niangalie mstari mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimepoteza. Lita zenyewe zilikuwa zimenywewa Eastleigh zamani. Kilichopotea ni kile kitu cha katikati ambacho si cha shangazi wala si cha yule mama, ambacho wote wawili wangekiangalia na mmoja aseme, sawa, nimekosea, bila kuaibishwa na mwenzake. Nilikuwa nimewapa kitu hicho kwa miezi minane. Walikuwa wameshakizoea.

Wakakaa wenyewe, bila mimi. Waliamua kugawa: tatu zihesabiwe, tatu zisahaulike. Yule mama alizichukua pesa za lita tatu. Mwezi uliofuata akaanza kumuuzia mnunuzi mwingine. Hakugombana na mtu. Nikipita kwake ananijibu salamu yote, ananiuliza hali ya nyumbani, na hanikaribishi ndani. Sijui hadi leo kama zilikuwa kumi na mbili au kumi na nane. Inawezekana kabisa alikuwa anasema ukweli na ushahidi wake niliufuta mimi kwa kidole kimoja nikiwa nimesimama juani.

Nimebadilisha vitu. Seva sasa inaitwa maziwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma hata kwa kioo kilichopasuka. Kuna kifuli kwenye tovuti na nakala mbili za hesabu kila usiku, moja kwa kampuni tofauti kabisa, kwa sababu nakala iliyo nyumba moja na kitu chenyewe itaungua nacho. Bakapu ya wiki nalipia. Mara moja kwa mwezi nafungua seva ya muda, narudisha nakala ndani yake, naangalia kama inafunguka kweli, kisha naiondoa. Na kila Ijumaa naprinti ukurasa mmoja saiberi, shangazi anaubandika dukani. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya nchi ikawa ya kutambaa, hakuna aliyenipigia simu. Walisoma ukutani.

Lakini ile 02 ilinishinda. Ndiyo niliyotaka kuiondoa tangu mwanzo, na ndiyo iliyobaki. Shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka hadi 130 hivi, bili ikapungua, na bado nilikuwa nalipia chumba kitupu Frankfurt kwa sababu sikuweza kubonyeza kile kitufe. Nilikuwa nafungua paneli, naangalia ule mstari mnyoofu, nafunga.

Mwisho nilimwendea shangazi na laptopu. Nikamweleza kwamba nataka kufuta moja na naogopa. Hakucheka. Alipangusa mikono kwa leso, akavaa miwani, akaniambia nimpe karatasi iandikwe jina la ile tunayoitaka. Nikaandika: maziwa. Akaishika kando ya kioo.

"Sasa soma hiyo ya kufa."

Nikasoma. Akanisimamisha, akataka herufi moja moja. U, b, u, n, t, u. Tukafika fra1. Tukafika mwisho.

"Sifuri, mbili," nikasema.

Akaangalia kioo, akaangalia karatasi, akarudi tena kwa kioo.

"Sifuri, mbili," akasema. "Haya. Bonyeza, basi linaondoka."